Vishimo vya Pembeni

Siku zote mlango wa nyumba ile hufunguliwa na mama yake Fundi. Hadubini alikwisha kuzoea. Anagonga, anasikia kandambili zikiburuzwa sakafuni, kitasa kinazungushwa shingo upande, kisha uso wa mama unachungulia umekunjamana, kana kwamba aliyegonga amekuja kukata umeme. Siku hiyo hakusikia kandambili. Mlango ulifunguka mara moja, na aliyesimama kizingitini, shati jeupe limepigwa pasi likamkaa sawasawa, alikuwa Fundi mwenyewe.

"Karibu, Hadubini wangu," akasema, na akamtazama kwa yale macho yake ya taratibu ambayo ugonjwa haukuyaondolea upole.

Moyo wa msichana uliruka kwa furaha. Kisha akakumbuka kilichomleta, akaukumbatia mkoba wake.

Jina la Hadubini alipewa na Fundi siku ya kwanza walipoonana, pale maabara anakofanya kazi msichana, Fundi alipokwenda kutoa damu. Msichana alimtafuta mshipa kwa makini kiasi kwamba mgonjwa alishindwa kujizuia. "Dada, samahani, wewe ni mtu au ni hadubini?" Msichana alicheka mpaka sindano ikabidi isubiri. Tangu hapo jina likamganda, na mapenzi nayo yakafuata nyuma yake bila kubisha hodi.

Fundi alikuwa seremala wa kubeba kabati zima mgongoni huku akiimba. Homa moja ya kawaida ilimpitia, ikaondoka zake, lakini nguvu zake zikaondoka nayo na hazikurudi. Madaktari waliuita ugonjwa huo uchovu sugu. Majirani waliuita uvivu. Mwanga wa dirishani ulimchoma macho, kupiga mswaki kulimlaza, na akijikakamua kufanya kazi ndogo leo, kesho na keshokutwa alilipa kwa kulala asiweze hata kushika kikombe.

Hadubini yeye alikuwa mtaalamu katika maabara iliyoutafutia ugonjwa huo dawa kwa njia ya mkato. Hawakutengeneza dawa mpya. Walichukua dawa za zamani, za presha, za tumbo, za minyoo, za kifafa, dawa ambazo watu wanazimeza tayari na madhara yake yanajulikana, wakazijaribu moja moja kwenye seli za damu za wagonjwa, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyojaribu funguo zote kuukuu zilizomo kwenye kopo. Na mwezi uliopita, ufunguo mmoja ulionekana kuzunguka. Ulikuwa kidonge cha zamani cha tumbo, cha kununua duka lolote la dawa, na seli zilizochangamka kwa kidonge hicho zilikuwa za Fundi.

Mwenye akili zake angenyamaza mpaka jaribio lirudiwe. Lakini mtu aliyependa, jamani, akili zake anazo mwenyewe? Hadubini alikimbia mpaka nyumba hii hii akamtajia Fundi jina la dawa. Kesho yake Fundi akaanza kuimeza. Wiki haikuisha, akaanza kusimama.

"Ingia basi, au umekuja kukagua mlango?" Fundi alitania.

"Mwache apumue!" Sauti ya mama ilitoka jikoni, nyepesi, yenye kicheko ndani yake. Akatokea anafuta mikono kwenye kanga. Mama alikuwa mshonaji, na kutwa nzima alikuwa kibandani kwake na cherehani yake, akirudi nyumbani alasiri. Leo usoni hakuwa na kunjo hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Marahaba, mwanangu."

Hadubini alihisi neno lile likimchoma. Mkwe wangu! Mwanamke huyu ndiye aliyewahi kusema mbele ya wageni, "Huyo binti hana mapenzi na mwanangu, ana mapenzi na damu yake. Akija anachota, akishachota anaondoka."

"Umeona shati?" mama akaendelea. "Nimelipiga pasi mara mbili. Jumamosi mwanangu ataingia kwa baba yako kama bwana harusi, si kama mtu anayesindikizwa zahanati. Baba yako si alisema haozeshi binti yake kwa kitanda? Sasa tutamletea miguu miwili, aihesabu mwenyewe!"

"Mama, utamtisha mtoto wa watu," Fundi akacheka.

"Nimtishe vipi? Huyu ndiye aliyekufufua. Kaeni, nichemshe chai."

Akaingia jikoni akiimba kwa sauti ya chini. Sebuleni wakabaki wawili. Pazia la dirisha, ambalo zamani lilishonwa zito ili lizuie mwanga, lilikuwa limefunguliwa kidogo, na mstari wa jua ulikaa juu ya meza ambayo Fundi aliitengeneza alipokuwa mzima. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti.

"Kaa chini, Fundi."

"Leo sitaki kukaa. Nimekaa vya kutosha."

"Kaa, tafadhali. Nina neno, na nikichelewa kulisema nitakimbia."

Fundi akamtazama. Akakaa polepole. Hadubini akabaki amesimama yeye, mkoba kifuani kama ngao.

"Ile dawa haifanyi kazi," akasema.

Fundi akacheka. "Haifanyi kazi kwa nani? Nani amekufungulia mlango?"

"Nisikilize. Nilifanya kosa. Unajua ile sahani ya plastiki niliyokuonyesha, yenye vishimo vidogo? Kila kishimo tunaweka seli na dawa yake. Tunaiacha kwenye kabati la joto, kisha mashine inasoma mwanga. Seli yenye nguvu inatoa mwanga zaidi."

"Najua. Na zangu ziliwaka. Uliniambia zimewaka kama taa za harusi."

"Vishimo vya pembeni hatuvitumii, Fundi. Kila anayeingia maabara anafundishwa hivyo wiki ya kwanza. Vinakauka haraka kuliko vya katikati, kwa sababu vinapigwa na hewa ya kabati. Maji yakipungua, kilichobaki kinakolea, mwanga nao unakolea. Unaona nguvu ambayo haipo. Kwa hiyo pembeni tunajaza maji matupu."

"Sasa?"

"Siku ile damu yako ilikuwa kidogo na sahani ilikuwa imejaa. Dawa chache zilikuwa zimebaki. Ningeziacha mpaka mara nyingine. Lakini nilijua ile ni damu yako, sikutaka hata dawa moja ikupite. Nikaziweka pembeni. Leo asubuhi Bosi wa maabara aliniita; amekuwa akipitia sahani zote za mwezi uliopita. Akauliza nani amejaza pembeni. Nikasema mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Ile dawa ameshaijaribu upya mwenyewe, katikati ya sahani, mara mbili. Dawa haifanyi kitu. Seli zako zimelala vile vile."

Jikoni kijiko kilikuwa kikigonga sufuria, na mama bado aliimba.

"Kwa hiyo ulikuwa mwanga wa maji yaliyokauka," Fundi akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ninavyosimama?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniua. Labda ni matumaini. Mwili wa mtu ukiamini unaweza kujikaza kwa muda. Njiani nilitaka kunyamaza, Fundi, nakuambia ukweli. Nikasema, kama anasimama kwa matumaini, mimi ni nani nimwangushe? Acha asimame Jumamosi, acha baba amwone, acha tuoane, mengine baadaye. Nilifika hapo mlangoni nimeshakata kauli ninyamaze. Kisha ukanifungulia wewe na hilo shati." Machozi yakamtoka. "Sikuweza."

Fundi hakumfuta machozi. Hakunyanyuka. Alikuwa akiitazama mikono yake, akiigeuzageuza, kama mtu anayekagua ubao uliopinda.

"Ungenyamaza tu," akasema kwa sauti ya chini.

"Unasema nini?"

"Ungenyamaza. Nani alikutuma kuja kusema? Nilikuwa nimeshapanga kila kitu."

"Umepanga nini?"

Hadubini akamsogelea, akapiga magoti mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama kama anavyotazama vitu kazini kwake. Akaona midomo iliyopauka. Akaona jasho jembamba kwenye kola ya lile shati, ilhali chumba kilikuwa na ubaridi. Akaona goti la Fundi likitetemeka chini ya suruali, tetemeko dogo lisilokoma, la msuli ulioombwa zaidi ya ulichonacho.

"Fundi," akanong'ona. "Umeamka saa ngapi leo?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nimeamka mama alipofungua geti," akasema. "Kila siku naamka mama akifungua geti. Kabla ya hapo nipo chumbani, gizani, sili, sinywi, sigeuki. Najiwekea akiba ya ile saa moja unayokuja. Ukiondoka nasema naenda kulala mapema, na mama anafurahi, anasema huo ndio usingizi wa mtu mzima wa afya. Hajui ni usingizi gani." Akacheka bila furaha. "Wiki iliyopita ulisema una kazi nyingi, hukuja siku mbili. Nilishukuru, Hadubini. Mimi, ninayekupenda hivi, nilishukuru hukuja. Sikuweza kuinua shingo."

Hadubini akaliwekea mkono lile goti.

"Na dawa?"

"Nimeimeza yote. Siku za kwanza nilihisi kitu, naapa. Labda ilikuwa dawa, labda ulikuwa wewe. Kisha kikaisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuja siku ile unalia na kucheka kwa wakati mmoja, viatu umevishika mkononi kwa kukimbia. Tangu nizaliwe sijaona mtu amefurahi vile kwa ajili yangu. Na mama akaacha kukusema. Na baba yako akakubali kuniona. Kila mtu alikuwa amepata anachotaka, kilichobaki ilikuwa mimi kusimama tu. Nikasimama."

"Unajua kwamba kujikaza kunakumaliza? Unajua, Fundi! Nimekuambia mara ngapi? Kila saa unayoiba leo unalipa mara kumi, na siku moja hutakuwa na cha kulipia!" Hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyeogopa. "Ulitaka nini, uanguke siku ya harusi?"

"Nilitaka nifike."

"Ufike wapi?"

"Kwako!" Fundi akapaza sauti, na sauti hiyo tu ilimgharimu, akafumba macho mpaka pumzi ikarudi. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu. "Na wewe usijifanye hukuhusika. Unaona vitu ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona. Umekaa hapa jioni ngapi, umenishika mkono huu. Hadubini nzima, hukuona?"

Hapo alimpata pabaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliona. Aliona na akageuza macho, kila jioni, kwa kuwa alitaka. Alijidanganya kwa seli, na alipohitaji uongo mwingine wa kuushikilia ule wa kwanza, Fundi akampa kwa miguu yake. Akajua pia kuwa kazini kwake, mtu akipenda jibu kabla hajalipata, anaondolewa kwenye jaribio. Huku hakukuwa na wa kumwondoa.

"Nisamehe," akasema.

"Na wewe nisamehe."

Walibaki hivyo, yeye magotini, paji la uso limeegemea goti lile linalotetemeka, mkono wa Fundi mzito juu ya nywele zake. Hawakusikia kwamba wimbo jikoni umekoma.

"Kwa hiyo dawa hakuna," mama akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Uso wake haukuwa umekunjamana. Ulikuwa mtupu, na huo Hadubini hakuwahi kuuona.

"Hakuna, mama. Bado tunatafuta. Zimebaki nyingi hatujazijaribu..."

"Sikukuuliza zimebaki ngapi." Mama akaweka sinia mezani, chai ikamwagika. "Binti, mimi nilikuwa nimeshazoea. Unanisikia? Nilikuwa nimeshalia, nimeshanyamaza, nimeshajifunza kutembea nyumbani kwangu kwa kunyata. Ukaja ukaniambia mwanangu atapona. Nikaanza kutamba kwa wateja. Nikakata kitambaa cha nguo ya harusi. Leo unakuja kuniambia ulikosea kupanga vikombe vyako?"

"Mama, mwache," Fundi akasema.

"Na wewe nyamaza!" Akamgeukia, na hapo sauti ikampasuka. "Mimi nilikuzaa. Nakupigia pasi shati, nakupakulia, nakuambia umenenepa. Na wewe unanitazama tu! Unanificha mimi? Kumbe kutwa nzima umelala humo kama maiti, na mimi niko kibandani nacheka na watu?"

Fundi alijaribu kunyanyuka amfuate. Alifika nusu. Mkono ukateleza kwenye mgongo wa kiti, na Hadubini akamdaka begani kabla hajaanguka. Mama akatoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyaga mwiba. Wakamrudisha kwenye kiti kwa pamoja, mmoja huku, mmoja kule, bila kutazamana.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mpigie baba yako," akasema. "Mwambie Jumamosi hatuji. Sitampeleka mwanangu akaanguke kwenye sebule ya watu wakamcheka."

Hadubini akatoa simu. Angeweza kutoka nje kuzungumza, au kuteremsha sauti kama mabinti wanavyofanya wakizungumza na baba zao. Akaweka simu mezani, kando ya chai iliyomwagika, akafungua sauti ili wote wasikie. Ya kufichana yalikuwa yametosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo? Unaumwa?"

"Hapana, baba. Niko kwa kina Fundi. Ni habari ya Jumamosi."

"Ndiyo, nimeshawaambia wazee. Kijana anaendeleaje na miguu yake?"

"Hajapona, baba."

Baba akasema polepole, "Si ulisema amepona?"

"Nilikosea."

"Umekosea." Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, na neno hilo alilitamka kama anavyolitamka darasani. "Wewe uliniahidi kwa mdomo wako. Umekosea nini, dawa au mtu?"

Hadubini aliinua macho. Fundi alikuwa amemkazia macho, midomo imepauka, na alikuwa akitikisa kichwa kidogo, akimwomba aseme lile jibu rahisi, ajiokoe. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Dawa, baba," akasema. "Mtu sikukosea."

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Kwa hiyo Jumamosi hatasimama?"

"Hatasimama. Njoo wewe, baba. Utamkuta amelala, na tutazungumza akiwa amelala. Akichoka tutanyamaza. Akiweza tena tutaendelea. Ndivyo tutakavyoishi, kwa hiyo bora uone."

"Mwanangu, wewe bado mdogo. Unajua maisha ya kumuuguza mtu? Unajua maana yake asubuhi, mchana, miaka? Huo ni ujana unaongea."

"Najua, baba. Naufanyia kazi ugonjwa huu. Najua kuliko mtu yeyote unayeweza kumuuliza."

"Na mimi nikikataa?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti haikuyumba. "Utakuwa umekataa, baba. Nitalia sana. Lakini nitakuwa hapa."

Simu ikakatika. Hakuna aliyejua kama ni mtandao au ni baba, na hakuna aliyejidanganya kuwa ni mtandao. Hadubini aliitazama simu mpaka kioo kikazimika.

Mama ndiye aliyesogea kwanza. Hakusema neno la upole, wala hakumwita mkwe. Alikwenda dirishani, akavuta pazia likafunga, na chumba kikaingia giza la zamani. Alipopita nyuma ya Hadubini akamgusa bega kwa ncha za vidole, haraka, akaenda zake jikoni akafunga mlango. Wakamsikia akilia.

Fundi alikuwa amefumba macho.

"Hadubini."

"Naam."

"Nimechoka."

Tangu wapendane hakuwahi kumwambia neno hilo. Alimwambia najisikia vizuri, alimwambia niko sawa, alimwambia usijali. Hadubini akavuta mto wa kiti, akauweka kwenye kochi, akamshika, wakasaidiana hatua zile chache. Fundi akajinyoosha na shati lake la pasi, akageukia ukuta kwanza kwa aibu, kisha akageuka tena akamtazama. Mwili wake wote uliachia, na kwa mara ya kwanza Hadubini aliona ni kiasi gani alikuwa mgonjwa. Ilimuuma mpaka mfupani. Akaketi sakafuni, kichwa kando ya kichwa chake.

"Usiondoke mpaka niamke," Fundi akanong'ona.

"Utaamka lini?"

"Sijui."

"Basi na mimi sijui nitaondoka lini. Lala."